Jua la Bahi Halikusoma Kizungu

Jumatatu, 7 Novemba

Habari mbaya kabla ya chai. Nathanaeli amesimamisha pikapu yake nje ya dirisha langu, akapiga honi kama anapeleka bibi harusi, akanitangazia kwamba Loisi anahama. Anakwenda Njombe kwa binti yake, Anitha. Moja kwa moja! Safari ni Ijumaa ya wiki ijayo. Sababu? Joto la Dodoma limemshinda.

Nikamwambia sijashtuka hata kidogo. Chai nikaimimina kwenye kandambili.

Loisi! Tulikaa dawati moja, Bahi, enzi za kaptura. Akaolewa Tabora, akakaa huko umri mzima, mume akafariki, mwaka jana akarudi. Amepanga chumba hapa Majengo kwa Mzee Zaidi na sokoni anauza mlenda mkavu. Mimi ni mgane. Tangu arudi nimekuwa nikijipanga kumwambia neno. Bado najipanga, jambo zuri halitaki haraka. Nathanaeli naye ni mgane, naye tulisoma naye, na nahisi anajipanga kwa kasi.

Jioni nikaenda kwa Loisi kupima hali. Nikasimama mlangoni, nikajifuta paji la uso kwa leso, nikatamka ile sentensi yangu: The heat is almost unbearable. Akacheka kama anavyocheka siku zote, kiganja mdomoni. Halafu akasema ndiyo maana anahama.

Sijui kwa nini aliyaunganisha mambo hayo mawili.

Jumanne, 8 Novemba

Joto lile lile. Mgongo umenata kwenye kiti cha plastiki, nikasimama nacho.

Hiyo sentensi ndiyo Kiingereza changu chote kilichobaki. Kingine kimeoza. Mwalimu Elisante alitufundisha darasa la sita, mwezi kama huu, bati la darasa likilia kwa jua, ta, ta, ta. Akaiandika ubaoni, akasema maana yake joto limekaribia kutushinda. Hapo kwenye "almost" alipiga fimbo mezani. Alisema atakayeiruka ni mwongo, kwa sababu joto lililokushinda kweli huwezi kulisimulia, umeshakufa. Sisi Wagogo halijatushinda. Limekaribia tu.

Mimi na Loisi tukatoka nayo mbio mpaka kwa bibi yangu, Anyesi. Sasa, kwa bibi kulikuwa na sheria. Jua la Novemba halilalamikiwi. Jua ndilo linalopika mvua, bibi alisema, na mpishi ukimsema vibaya anasusa, anazima jiko, mvua inabaki mbichi huko juu. Ukisema "jua kali" kwa Kigogo, kofi. Kwa Kiswahili, kofi. Tukamwuliza, je, kwa Kizungu?

Bibi akasimamisha mchi. Akafikiri. Akatoa hukumu kwamba Kizungu ruksa, jua la Bahi halikusoma.

Basi! Tangu siku hiyo ua mzima ulikuwa unalia joto kwa Kizungu. Watoto, majirani, mchunga ng'ombe. Siku moja bibi mwenyewe, ungo mapajani, jasho likimtiririka shingoni, akatazama huku na huku, akashusha pumzi: "Olimosi anibeabo." Loisi alicheka mpaka akaangukia ghala la mtama. Na mvua ilikuja mwaka ule, mpunga ukasimama kifuani.

Nimemkumbuka bibi. Natamani ule ua uwepo, hata kwa saa moja, nikae pale kwenye kinu.

Lakini kukumbuka hakumzuii mtu kupanda basi. Mpango: joto ndilo linalomhamisha, basi niliondoe joto. Rahisi kabisa.

Jumatano, 9 Novemba

Feni. Ile niliyoagwa nayo nilipostaafu utunza stoo. Ilikuwa bado kwenye boksi lake, naiheshimu. Nikaipakata kwenye bajaji mpaka sokoni, nikaisimamisha nyuma ya meza ya Loisi, nikavuta umeme kutoka duka la jirani. Loisi alitaka kusema jambo. Nikamwomba atulie, afurahie. Nikabonyeza namba tatu.

Kumbe alitaka kusema habari za mlenda.

Mlenda mkavu uliopondwa ni unga mwepesi sana. Beseni zima likaruka. Soko likawa kijani. Wanawake wakapiga chafya, muuza nyanya akapotea kabisa. Mbaya zaidi, kila mtu alikuwa ametota jasho, na mlenda ukikutana na maji unafanya kazi yake. Watu wakaanza kuteleza mashavuni. Mzee Zaidi alikuwa akipita kwenda swala ya adhuhuri na kanzu nyeupe. Aliingia kwenye lile wingu mweupe, akatoka chanikiwiti.

Hapo umeme ukakatika. Feni ikazunguka polepole, ikasimama. Ilibidi mtu aseme kitu. Nikasema The heat is almost unbearable.

Loisi akakaa chini, akacheka na mlenda wake usoni, akashindwa kuhudumia wateja. Nathanaeli akatokea, akanunua mlenda uliobaki wote kumpoza. Mnafiki! Hali mlenda huyo, tangu utoto.

Ijumaa, 11 Novemba

Leo nimetumia akili za mababu.

Nyumba ya bibi ilikuwa tembe. Udongo juu ya miti, paa bapa, mlango mfupi. Nje jua linapasua mawe, ndani unatafuta shuka. Nikajiuliza, kinachomtesa Loisi ni nini? Bati! Bati likivikwa udongo, linakuwa tembe. Sijui kwa nini hakuna mhandisi aliyeliona hili.

Nikasubiri Mzee Zaidi aende swala ya Ijumaa. Loisi sokoni. Nikaegesha ngazi, nikapandisha udongo mbichi ndoo kwa ndoo, nikausambaza kwa kiganja kama nilivyomwona babu akifanya. Kwa muda kidogo nilikuwa na furaha kamili. Harufu ile ya udongo uliolowa! Nilikuwa nimerudi Bahi, nasubiri bibi aniite nile.

Aliyeniita ni Mzee Zaidi. Alikuwa ametoka msikitini. Akauliza kutoka chini, kwa upole ulionitisha kuliko matusi, ninamzika nani juu ya bati lake. Nikamweleza kitaalamu habari za tembe. Akasema anazijua, Warangi nao wamelala kwenye matembe kabla Wagogo hawajazaliwa, ila tembe lina nguzo. Nikamwambia asiwe na hofu.

Mguu wangu wa kulia ukashuka hadi pajani.

Kutoka hapo siwezi kusimulia kwa macho yangu, kwa kuwa nusu yangu ilikuwa chumbani. Loisi alirudi, akafungua mlango, akakuta mguu unaning'inia juu ya kitanda chake, tope likidondoka. Akaitambua kandambili. Nikamsikia kwa chini akiusalimia ule mguu kwa adabu zote za kwetu: "Mbukwa, Gide." Mguu hauna mdomo, lakini mimi nilikuwa nao. Nikaitikia kutoka juu, halafu, nisimwache bila neno, nikaongeza sentensi yangu.

Jumamosi, 12 Novemba

Nimekwenda asubuhi kuomba radhi. Ajabu, Loisi alikuwa na uso mwanana. Akasema amelala vizuri mara ya kwanza tangu Oktoba, kwa lile tundu kulikuwa na kaupepo.

Nikamwambia asijisumbue kunificha aibu yangu, tundu litazibwa leo hii.

Nimeliziba. Halipitishi hata mbu.

Jumapili, 13 Novemba

Bahi! Mpango wangu mwenyewe, ingawa pikapu ni ya Nathanaeli. Nilifikiri, Loisi akiikanyaga ardhi ya kwetu, Njombe itamtoka. Baada ya ibada tukaondoka, yeye mbele na Nathanaeli, mimi nyuma pamoja na tairi la akiba.

Tembe la bibi limekwisha. Limebaki tuta la udongo na mbuzi wamesimama juu yake kama wamelinunua. Kinu hakipo. Mashamba ya mpunga yamepasuka, unaweza kuingiza mkono mpaka kiwiko. Nikasimama pale nikiitafuta sehemu ambayo bibi alikuwa anakaa na ungo wake, nikashindwa kuipata. Iliniuma, naandika kama ilivyo.

Shule ipo. Imepakwa rangi, madarasa yameongezeka, ila ile ringi ya lori tuliyokuwa tunagonga kama kengele bado inaning'inia. Loisi akaokota jiwe, akaigonga. Sauti ile ile! Wote watatu tulikimbia hatua kadhaa kabla ya kukumbuka umri wetu.

Tukakaa kwenye ngazi za darasa. Loisi akavua viatu. Jua lilikuwa utosini, bati likaanza: ta, ta, ta. Nikavuta pumzi nikasema, nikiipigia "almost" fimbo ya kiganja kama Mwalimu Elisante: The heat is almost unbearable.

Loisi alicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Akasema miaka yote ya Tabora hakuna mtu aliyewahi kumwambia sentensi hiyo. Mumewe alikuwa mtu mwema, lakini ule ua wa Bibi Anyesi hakuwa anaujua, na kitu usichokuwa na wa kukumbuka naye, alisema, mwishowe unahisi ulikiota. Aliporudi Dodoma, siku ya kwanza nilipomtamkia ile sentensi sokoni, ndipo alipojua hakuota.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno langu. Nililihisi liko mdomoni. Lakini Nathanaeli akajipepea kwa kofia, akalalamika kwa Kiswahili fasaha kwamba jua hili litatuua. Kwa Kiswahili! Katika ardhi ya bibi! Nikamkemea kwamba ni yeye na wenzake wanaochelewesha mvua.

Loisi, bado anajifuta macho, akasema kwa mzaha hata mimi niwe mwangalifu. Dodoma siku hizi makao makuu. Maofisi, mabalozi, vyuo vikuu, watoto wadogo wanapelekwa Inglishi Midiamu na mabasi ya njano. Jua linasikia Kizungu kuanzia asubuhi. "Limesoma hilo, Gide," akasema. "Lina digrii."

Nathanaeli akacheka. Mimi sikucheka.

Safari nzima ya kurudi nimekaa na lile tairi nikifikiri. Kila siku nimesema ile sentensi, na kila siku mawingu yamepita. Mchawi ni mimi! Ninamfukuza Loisi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatatu, 14 Novemba

Mpango mpya, na huu ndio wenyewe. Kimya. Nisiposema sentensi, jua halisusi, linapika, mvua inanyesha kabla ya Ijumaa. Loisi ataisikia harufu ya ardhi iliyolowa na begi atalifungua mwenyewe. Kusema neno langu kutasubiri mvua. Mambo yana utaratibu wake.

Jioni nimepita kwake. Akauliza hali ya hewa. Nikasema nzuri. Akangoja. Nikamtakia jioni njema.

Jumanne, 15 Novemba

Jasho hadi ndani ya masikio. Nimeuma leso ikatoboka. Loisi kanikaribisha maji ya ubuyu, akajipepea kwa kipande cha boksi, akanitazama, akaguna, akasema leo kweli leo. Alikuwa ananitega! Nikamsifu ubuyu wake.

Nathanaeli anasema watu wanauliza kama naumwa. Amefunga uso. Nadhani biashara yake ya pikapu hairidhishi.

Alhamisi, 17 Novemba

Mawingu! Kuanzia upande wa Bahi, meusi, yamejaa. Ngurumo mbili. Kimya changu kinafanya kazi! Nilitaka kwenda kwa Loisi nikaogopa mdomo utaniponyoka, nikabaki ndani nimekalia mikono.

Yamepita kuelekea Kibaigwa.

Ijumaa, 18 Novemba

Nitaandika taratibu.

Nilimsindikiza stendi ya Nanenane. Nathanaeli ndiye aliyetupeleka, halafu akaenda kusimama mbali karibu na muuza magazeti, sijui kwa nini. Loisi alivaa kitenge kipya. Alikuwa na begi moja na mfuko wa mlenda kwa ajili ya Anitha, maana huko Njombe, alisema, majani yao hayatelezi.

Na mawingu yalikuwa juu yetu. Safari hii kweli! Upepo umekufa, joto limesimama kama ukuta, injini ya basi inapuliza moto miguuni. Bibi alikuwa akisema, joto la namna hiyo ni mvua iko jikoni, imebaki kupakuliwa. Dakika yoyote.

Loisi akaweka begi chini. Akauliza, joto la leo nalionaje? Nikasema la kawaida. Akauliza, hakika? Nikatikisa kichwa kwamba hakika. Akaniuliza kama sina la kumwambia.

Nilikuwa nalo! Nilikuwa na ile sentensi ya Kizungu, na neno langu nyuma yake, yote yamepanga foleni. Nikabana meno. Nikatazama juu, nikiyahesabia mawingu pumzi. Sikumtazama yeye.

Kondakta akaita. Nilipoteremsha macho begi lilikuwa limeshapanda. Alipopata kiti dirishani akaweka kiganja mdomoni kama anapocheka, lakini hakuwa anacheka.

Basi likaondoka. Halikudondoka hata tone.

Jumamosi, 19 Novemba

Nathanaeli kaja mapema bila kupiga honi. Akakaa. Akasema yeye alishamwambia Loisi neno lake tangu Jumatatu, na Loisi alimkatalia vizuri, kwa heshima. Akamweleza kwamba joto halimsumbui kiasi hicho. Linalomsumbua ni kukaa kwenye joto peke yake. Na Alhamisi akamwambia kwamba Gideoni amenyamaza ghafla, huenda amemchoka, ila stendi atamngoja aitamke ile sentensi yake. Akiitamka, atacheka, atachukua begi lake, atarudi Majengo.

Nathanaeli akasema nilisimama pale kama mtungi. Akasema hajawahi kunionea huruma maishani lakini jana alinionea.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Yananichoma. Nimekwenda mpaka sokoni nikasimama ilipokuwa meza yake, bado ardhi ina ukijani. Nimewaza, itakuwaje kama ni kweli?

Halafu nikakumbuka ni nani aliyesema. Mtu aliyenunua mlenda asioula! Hiyo ni fitina ya aliyekataliwa.

Jumatatu, 21 Novemba

MVUA!

Imeanza mchana, matone makubwa, kisha yote kwa pamoja. Majengo nzima nje. Watoto uchi, mama wazima wanakinga ndoo huku wanacheza, Mzee Zaidi kibarazani anamshukuru Mungu kwa sauti. Nilitoka bila kofia nikasimama uani. Ile harufu! Nilimwona bibi wazi kabisa, anatoa masufuria nje, anatukaripia tusiteleze huku anateleza yeye. Nililia. Kwenye mvua hakuna anayejua.

Kimya changu kimeshinda. Kimechelewa siku tatu tu.

Simu ikalia. Loisi! Akauliza ni kweli inanyesha, ameambiwa. Nikaitoa simu dirishani asikie mwenyewe bati. Nilipoirudisha sikioni nikasikia anavuta pua. Akasema imemkumbusha ghala la mtama.

Halafu akauliza, "Na joto je, Gide?"

Nikamjibu limekwisha kabisa.

Akangoja. Akauliza tena, polepole, kama mwalimu anayemsaidia mtoto ubaoni: joto je?

Sentensi ilifika kwenye ulimi. Nikaimeza! Mvua ndiyo kwanza imeanza, niikatishe kwa Kizungu, mpunga wa Bahi niuambie nini? Nikamhakikishia hakuna joto hata chembe. Akasema haya. Akasema yeye huko analala na blanketi mbili. Akanitakia jioni njema, akakata.

Nimeyapima mazungumzo hayo kwa makini. Mtu mzima haulizi jambo mara mbili bure. Amehama kwa ajili ya joto, na neno lililo mdomoni mwake ni joto, joto. Blanketi mbili ni za kujikinga na mbu. Ni wazi kabisa: joto limemfuata Njombe, na anaona haya kumwambia binti yake. Maskini Loisi! Angesema tu.

Feni nimeifuta mlenda wote, imerudi kwenye boksi lake. Kesho asubuhi naipeleka stendi, naituma kwa basi la kwanza.